Enid Blyton na Kisiwa cha Watoto

Katika karne ya 20 ni vigumu kumpata mtungaji wa hadithi za watoto aliyependwa na watoto wengi na kulaumiwa na watu wazima wengi kama Mwingereza Enid Blyton. Vitabu vyake vyazidi 600. Vimefasiriwa katika lugha zipatazo 90, na nakala zilizouzwa huhesabiwa kwa mamia ya milioni. Hapa kwetu Kenya, wengi wenu mlikutana naye kabla ya kumjua kwa jina, katika kabati la vitabu la shule ya msingi, ambamo hadithi zake hukaa zimepasuka majalada na kukosa kurasa za mwisho kwa kupita mikononi mwa watoto wengi. Kitabu kisichopendwa hakipasuki hivyo.

Walakini nimewasikia walimu wakisema kwamba vitabu hivi ni upuuzi, na wengine wakisema ni sumu. Nami nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu tulibishana juu yake jioni nzima, wala hatukukata shauri. Katika insha hii nataka tumtazame mwandishi huyu pamoja na kazi yake, tuone ni kitu gani alichowapa watoto, na ni watoto gani aliowasahau alipokuwa akigawa.

Alizaliwa tarehe 11 Agosti, 1897, East Dulwich, mjini London. Baba yake, Thomas Carey Blyton, alikuwa mtu wa biashara, lakini moyo wake ulikuwa katika vitabu, muziki, ndege na maua. Alikuwa akimchukua bintiye matembezi mashambani na kumfundisha majina ya miti na wadudu. Mama, Theresa, hakuyapenda mambo hayo. Alitaka msichana ajue kazi za nyumba. Katika nyumba ya namna hiyo mtoto hulazimika kuchagua upande, na Enid alichagua upande wa baba.

Kabla hajatimiza miaka 13, baba yule aliondoka nyumbani akaenda kukaa na mwanamke mwingine. Mama akaona aibu mbele ya majirani, akawaamuru watoto wafiche siri: mtu akiuliza, waseme baba amesafiri kidogo. Basi Enid na ndugu zake wawili, Hanly na Carey, wakaishi wakilisema neno hilo. Baba alipofariki mwaka 1920, Enid hakwenda maziko. Mama naye alipofariki mwaka 1950, vilevile hakwenda.

Yafaa habari hii isomwe polepole. Msichana mwerevu, mwenye maneno mengi kichwani, anafundishwa na mama yake kutunga hadithi ya kuziba pengo lililo mezani. Sisemi kwamba hiyo ndiyo iliyomfanya mtungaji, kwa maana watoto wengi wameachwa na baba zao na hawakuandika hata barua. Lakini atakayevisoma vitabu vyake akijua jambo hili ataona mara ngapi mwandishi huwaondoa wazazi katika sura ya kwanza kabisa, tena kwa sababu ndogo mno, na mara ngapi neno ni hilohilo: wamesafiri.

Jamaa zake walitumaini kwamba atakuwa mpiga piano. Mwaka 1916 akaliacha wazo hilo, akaingia mafunzo ya ualimu huko Ipswich katika njia ya Friedrich Froebel, yule Mjerumani aliyeanzisha shule za chekechea na kuhubiri kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Alimaliza mwaka 1918, akafundisha mwaka mmoja katika shule ya wavulana ya Bickley Park, kisha akawa mwalimu wa nyumbani huko Surbiton, akiwafundisha ndugu wanne wa jamaa moja pamoja na watoto wa jirani walioletwa kujiunga nao. Kazi hii, kwa maoni yangu, ndiyo iliyomfunza uandishi. Aliyepata kusimama mbele ya watoto wadogo saa nane mchana, jua likiwa kali na tumbo limeshiba, ajua kwamba hadithi ikilegea kwa dakika mbili tu macho yote hugeukia dirishani. Enid Blyton alijifunza kutolegea, na pengine alijifunza mno, kama tutakavyoona.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1922, mashairi machache katika kurasa 24, jina lake Child Whispers. Mwaka 1924 aliolewa na Hugh Pollock, mhariri katika kampuni ya wachapishaji ya George Newnes, na tangu mwaka 1926 akawa akiliandika gazeti la watoto liitwalo Sunny Stories. Alipohamia Beaconsfield mwaka 1938 aliwaomba wasomaji wa gazeti hilo wamchagulie jina la nyumba mpya, nao wakachagua Green Hedges, yaani Ua wa Majani Mabichi. Jambo hilo ni dogo, lakini laonyesha alivyokaa na wasomaji wake. Alijibu barua zao kwa mkono wake mwenyewe. Aliwaundia vyama, navyo vikachangisha fedha kwa ajili ya wanyama wagonjwa na watoto wasiojiweza. Baada ya hapo vitabu vilimwagika kama mvua ya masika: hadithi za mti wa maajabu tangu 1939, za shule ya bweni ya St Clare's tangu 1941, za Malory Towers tangu 1946, na za Noddy, kijana wa mti mwenye kofia ya kengele, tangu 1949. Upo mwaka ambapo vitabu vyake vilivyotolewa vilizidi 30.

Je, mtu mmoja aweza kuandika hivyo? Watu walianza kunong'ona kwamba ameajiri waandishi wa siri, na mwaka 1955 alimshtaki mkutubi mmoja wa Afrika Kusini aliyekuwa akiueneza uvumi huo, naye akaombwa radhi hadharani. Lakini jibu lililo bora zaidi limo katika barua alizoandikiana na mtaalamu wa saikolojia Peter McKellar tangu mwaka 1953. Humo aeleza kwamba huketi na taipureta magotini, hufumba macho dakika chache, asifikiri neno, akangoja. Kisha wale watu wa hadithi humtokea, wakatembea na kuzungumza kana kwamba yuko peke yake ndani ya sinema, naye hupiga taipu kadiri aonavyo na kusikia. Hajui kitakachotokea katika ukurasa wa pili. Mara nyingine hucheka kwa mzaha uliotamkwa na mmoja wao, mzaha ambao yeye mwenyewe, asema, asingeweza kuubuni. Kwa njia hii aliweza kupiga maneno 10,000 kwa siku moja, na kitabu kizima kikaisha katika juma moja.

Hapo ndipo zilipo nguvu zake na udhaifu wake pia. Hadithi yenda mbio kwa sababu mwenye kuisimulia naye ana hamu ya kujua mwisho. Lakini asiyerudi nyuma kusahihisha hutumia neno lile lililo karibu na mkono. Kila chakula ni kitamu, kila pango ni la ajabu, kila mtu mbaya ana macho madogo. Mwanafunzi akiniletea insha iliyoandikwa hivyo naijaza wino mwekundu. Tena hayo maneno yaliyo karibu na mkono si maneno tu. Ni mawazo pia, na mawazo yaliyo karibu na mkono wa Mwingereza wa tabaka lake na wakati wake hayakuwa mema yote. Tutayarudia.

Kwanza tutazame alichokijua vizuri. Mwaka 1942, vita kuu ikiendelea, alitoa Five on a Treasure Island, cha kwanza katika vitabu 21 vya wale Watano: Julian, Dick, Anne, binamu yao George, na mbwa Timmy. Wazazi wa wale watatu wanakwenda safari Uskoti na watoto wanapelekwa pwani kwa mjomba Quentin, mwanachuoni mkali asiyetaka kelele. Pale pwani pana kisiwa chenye magofu ya ngome, na George asema kisiwa hicho ni chake. Wafikirieni watoto wa Uingereza waliokisoma kitabu hicho mara ya kwanza. Sukari, siagi na nyama vilikuwa kwa kipimo cha serikali; watoto wengi walikuwa wametengwa na wazazi wao, wamepelekwa mashamba kuepuka mabomu. Na huyu mwandishi anawapa kapu lililojaa mikate, nyama baridi, keki na maji ya tangawizi, kisha anawapa mashua, na kisiwa ambacho mtu mzima hana amri juu yake. Watu hucheka siku hizi jinsi Watano wanavyokula kila baada ya kurasa chache. Mimi sicheki, kwa sababu mtoto mwenye njaa huandika hivyohivyo, nanyi mliolala bweni mwajua mazungumzo ya usiku huwa juu ya nini.

Katika wote watano aliye hai ni George. Jina lake ni Georgina, lakini hajibu mtu akimwita hivyo. Amekata nywele, aendesha mashua kuliko wavulana, hukasirika upesi, hasemi uongo. Mwandishi alipokuwa mtu mzima alikiri kwamba George ni yeye mwenyewe alivyokuwa utotoni. Wengine wanne, pamoja na mbwa, twaweza kuwabadilisha vitabu vyao wala tusitambue; George hatumbadilishi. Na baba yake ni nani? Ni Quentin, baba aliyemo nyumbani ila kana kwamba hayumo, amejifungia chumbani na karatasi zake. Nyakati zilizo nzuri kupita zote katika kitabu kile cha kwanza si zile za dhahabu. Ni zile ambapo msichana huyu mwenye kiburi anajifunza kugawana kisiwa chake, na ambapo baba anamtazama kama kwa mara ya kwanza. Hapo Enid Blyton hakutumia neno la karibu na mkono.

Sasa tuwasikilize waliomlaumu. Shirika la utangazaji la BBC lilizikataa hadithi zake kwa miaka mingi tangu miaka ya 1930, kwa kuwa wakuu wa vipindi waliziona ni nyepesi mno. Barua zao za ndani zilitolewa hadharani mwaka 2009. Mwaka 1958 Colin Welch alimshambulia Noddy katika jarida la Encounter, na baadhi ya maktaba zikaacha kununua vitabu vyake. Lawama hii juu ya lugha naikubali nusu. Ni kweli kwamba mtoto asomaye Blyton peke yake atakuwa na msamiati mfupi. Lakini wako watoto wasiosoma kitu, na kitabu kilichowavuta kuvuka kutoka ukurasa wa 1 hadi wa 180 kimefanya kazi ambayo vitabu vya heshima mara nyingi vimeshindwa kuifanya. Hii ni hoja ya mwalimu, na wahakiki waichukue kama ilivyo.

Lawama ya pili siikubali nusu, naikubali yote. Mwaka 1937 aliandika hadithi fupi iitwayo The Little Black Doll. Mwanasesere mweusi, aliyepewa jina la Sambo, ambalo lenyewe ni tusi, anachukiwa na msichana mwenye kumiliki na pia na wanasesere wenzake kwa sababu ya uso wake mweusi. Anatoroka. Mvua inamnyeshea, rangi inamtoka, uso unakuwa wa waridi, naye anaporudi anapokewa kwa furaha. Hiyo ndiyo hadithi nzima. Mwaka 1951, katika kitabu kimoja cha Noddy, wanasesere weusi wanamvizia Noddy porini usiku, wanamnyang'anya gari na nguo.

Fikiri ni nani atakayeisoma. Mtoto mweupe aisomaye ataichukua kama hadithi ya huruma: maskini mwanasesere, mwisho alipendwa. Mwandishi, bila shaka, aliamini anaandika kitu cha huruma. Lakini mtoto wa Kisumu au wa Mombasa aisomaye anaelewa kwamba mlango uko wazi kwake kwa sharti moja, sharti ambalo mvua ya hapa haiwezi kulitimiza. Hamna adui mkali katika hadithi hii, wala matusi ya kelele, na kwa hiyo inaingia moyoni kimya kuliko tusi.

Husemwa kwa kumtetea kwamba hizo zilikuwa siku nyingine, na watu wote walifikiri hivyo. Hoja hii haisimami. Mwaka 1960 kampuni ya Macmillan ilikataa mswada wake, The Mystery That Never Was, na msomaji wa kampuni akataja miongoni mwa sababu tabia ya mwandishi ya kuwatilia shaka watu wa nchi za kigeni. Kitabu kilichapishwa mwaka uliofuata na kampuni nyingine. Mwaka 1966, mwandishi akiwa hai, Lena Jeger aliiandikia hadithi ya mwanasesere yule makala kali katika gazeti la The Guardian. Hao walikuwa Waingereza wenzake, wa siku zake. Macho ya kuona yalikuwako.

Tena kuna jambo ambalo sijaona likitajwa sana, nami nataka mlichunguze wenyewe. Katika Five Fall into Adventure cha mwaka 1950 yumo msichana maskini aitwaye Jo, mtoto wa mtembezi asiye na makazi, mchafu, mwizi kidogo, shujaa sana. Yeye ndiye anayemwokoa George. Bila yeye hakuna hadithi. Mwandishi anampenda, hilo ni dhahiri. Anafanana na George hata kwa sura. Lakini kabla ya kuketi mezani na wenzake lazima aoshwe na kuvikwa nguo safi, na mwishoni anatafutiwa nyumba njema ya kulelewa. Ni yule mwanasesere tena, ila mara hii mvua imekuwa birika. Mtu wa nje aweza kuingia kisiwani kwa Blyton, lakini aingie ametakata, na wenyeji ndio wapimao utakatifu huo.

Wachapishaji wamejaribu kutengeneza. Katika miaka ya 1980 wanasesere weusi waliondolewa katika vitabu vya Noddy. Mwaka 2010 maneno mengi ya kale katika hadithi za Watano yalibadilishwa ili yawe ya kisasa, lakini wasomaji hawakupendezwa, na mwaka 2016 wachapishaji walitangaza kuyarudisha ya zamani. Mimi naona kwamba kitabu cha mtoto wa miaka 6, ambaye hawezi kubishana na kitabu, chafaa kusafishwa. Ninyi wa sekondari mnaweza kubishana nacho, na msipewe kilichosafishwa.

Turudi nyumbani kwake. Ndoa na Hugh Pollock ilivunjika kwa talaka mwaka 1942, mwaka uleule wa kisiwa, na mwaka 1943 akaolewa na daktari wa upasuaji, Kenneth Darrell Waters. Msomaji wa Malory Towers atatambua ni wapi msichana Darrell alipata jina lake. Binti zake wawili, Gillian na Imogen, hawakuachiwa tena kumwona baba yao. Mwaka 1952 akaandika kwa ajili ya watoto kitabu cha maisha yake, The Story of My Life, nacho chaonyesha jamaa yenye furaha, na baba wa nyumba ni Kenneth. Yule msichana wa Beckenham aliyeamriwa kusema baba amesafiri sasa alikuwa mama, na neno likasemwa tena, mara hii mbele ya wasomaji wa dunia nzima.

Binti hao hawakukubaliana juu yake. Gillian, mkubwa, alimkumbuka kama mama mwema na mwenye upendo. Imogen, katika kitabu alichotoa mwaka 1989, A Childhood at Green Hedges, alimkumbuka kama mwanamke mwenye majivuno na hofu, asiyekuwa na moyo wa kimama. Aliwasikia watoto wa kigeni wakikaribishwa chai bustanini, naye yuko juu na yaya. Wahakiki wengine husema tumwamini mmoja, wengine husema tumwamini wa pili. Nyumba moja huwa na watoto wawili na utoto wawili, na kila mlezi aliyefundisha ndugu wa tumbo moja alijua hilo kabla ya kitabu hicho kutoka.

Mnamo miaka ya 1960 akili zake zilianza kufifia. Yeye aliyeweza kufumba macho na kuwaona watu wake wote sasa alisahau alipo. Vitabu vya mwisho vya Watano na vya Siri Saba vilitoka mwaka 1963. Kenneth alifariki mwaka 1967, naye Enid akafariki tarehe 28 Novemba, 1968, katika nyumba ya wauguzi Hampstead. Green Hedges ilibomolewa mwaka 1973.

Siku zilezile alipokuwa akizima, kazi yake ya hadithi za shule ilipata mrithi huku kwetu. Barbara Kimenye, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1929 na kuishi Uganda na Kenya, alianza katika miaka ya 1960 kutoa hadithi za mvulana Moses na wenzake katika shule ya bweni ya Mukibi, shule mbovu yenye jina refu la kujidai. Bweni lipo, utoro upo, njaa ipo, walimu wa kuchekesha wapo. Lakini hakuna anayehitaji kunyeshewa ili apendwe. Watundu wote ni wa nyumbani, na msomaji wa Kiafrika hakai mlangoni akingoja. Sijui hoja kali zaidi dhidi ya Blyton kuliko ukurasa wowote wa Moses, wala hoja nzuri zaidi ya kumtetea, maana umbo lile la hadithi lilikuwa na nafasi tele kuliko mwenyewe alivyodhani.

Mwanafunzi atakaye kumchunguza zaidi na aanze na Five on a Treasure Island, akimtazama George na baba yake. Kisha Five Fall into Adventure, akisimama mahali Jo anapopelekwa kuogeshwa. Kisha Moses wa Kimenye, mara moja, kabla ladha haijatoka mdomoni. Asome kwa mfuatano huo, na penseli mkononi.